Dakika Nne za Kusubiri

Siku hiyo Baridi alivaa shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi mara mbili. Kwa kawaida hakuhitaji shati. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akifanyia kazi nyumbani, katika chumba kidogo chenye meza, kompyuta na feni, hedifoni kichwani na kaptula kiunoni, akipokea simu za watu waliouziwa friji zisizogandisha na majiko yasiyowaka. Kampuni ilikuwa na wapokea simu arobaini, lakini mteja akianza kutukana hadi mababu, simu ilihamishiwa kwake. "Mpe Baridi," walikuwa wakisema, na dakika kumi baadaye mteja huyohuyo alikuwa akiomba radhi. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hakuna wa ofisini, tuseme.

Leo walimwita ofisini kwa heshima. Msimamizi alikuwa amechagua simu yake moja ili waajiriwa wapya waisikilize na kujifunza jinsi ya kumtuliza mteja aliyekuja juu. Yeye angekaa mbele, waisikilize pamoja, kisha wamuulize maswali. Cheti kilikuwepo pia.

"Waulize kama wanatoa na cheti cha nyumbani," mkewe alisema huku akimnyooshea kola.

"Nyumbani nako si nimetulia? Mwezi mzima na siku tatu. Nimehesabu."

"Nimeona," mkewe alisema, na kweli alikuwa ameona, au alidhani ameona. Mwezi mmoja na siku tatu nyuma Baridi alirusha sahani ukutani kwa sababu ya kitabu cha hesabu cha mtoto, na mkewe akakata kauli: akimpandishia mtoto sauti mara moja tena, anamchukua mtoto wanahamia kwa dada yake. Hakulia wala hakugombana. Baridi alikula kiapo palepale, akaokota vigae mwenyewe. Alisema yeye si mtu mbaya, ila hasira zinampanda zenyewe na zikishampanda hana uwezo nazo.

Mtoto alikuwa mezani akinywa chai. Walimwita Chiriku tangu akiwa na miaka miwili kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, mtoto wa kuzungumza na vijiko. Sasa alikuwa na miaka minane na alikuwa akinywa chai bila kugonganisha kijiko na kikombe. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikuwa bado kimefungwa bendeji.

Kidole hicho kilikuwa na kesi yake. Wiki tatu nyuma Chiriku alijikata, akakizungushia karatasi ya chooni na selotepu, akanyamaza nacho siku mbili. Mama yake alipokigundua kilikuwa kimeshavimba na kutoa harufu. Mtoto alisema alijikata shuleni kwa wembe, akichonga penseli. Zahanati walikikamua usaha, na muuguzi akasema angeletwa siku ileile angeshonwa nyuzi mbili tu, lakini sasa ncha ya kidole haitakuwa na hisia tena. Baridi ndiye aliyekwenda shuleni. Hakupiga kelele. Alitumia sauti yake ya kazini, ile laini, akimwuliza mwalimu wa darasa: "Naomba unisaidie kuelewa, mwalimu. Mtoto anatokwa na damu mbele yako, wewe huoni?" Mwalimu, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, aliapa kwamba darasani hakuna wembe na kwamba hakuona damu yoyote. Baridi aliendelea kumwomba amsaidie kuelewa mpaka binti wa watu akalia mbele ya mwalimu mkuu na kuandika barua ya kuomba radhi. Barua hiyo ilikuwa juu ya kabati la sebuleni.

"Baba anakwenda kupewa cheti," mama alisema. "Humpongezi?"

"Hongera, baba," Chiriku alisema, akamtazama usoni kidogo kujua hali ya hewa, kisha akarudi kwenye chai yake.

*

Chumba cha mafunzo kilikuwa na viti kumi na viwili na waajiriwa kumi na wawili, wengi wao wakiwa wametoka shule juzi. Msimamizi, mama mmoja mcheshi aliyependa kila mtu, alimsimamisha Baridi mbele na kumsifu mpaka akaona haya. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akaunganisha spika mbili kubwa.

"Simu hii ni ya wiki tatu zilizopita," alisema. "Mteja ni mama mzee. Friji imekufa na ndani yake mna sindano za sukari za mumewe. Mtasikia anavyomtukana huyu kaka yenu. Mimi nimesikiliza mwanzo na mwisho. Katikati kaka anamweka mama kwenye kusubiri, anatafuta fundi, pale mtasikia kimya. Msinisinzie."

Wakacheka. Rekodi ikaanza, na kweli yule bibi alikuwa na mdomo. Alimwita Baridi mwizi, akamwita muuaji, akamwombea na kifo. Baridi kwenye spika alijibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Waajiriwa walitikisa vichwa kwa mshangao. Binti mmoja aliyeketi mstari wa mbele, mwenye daftari jipya, alikuwa akiandika kila sentensi. Simu ya msimamizi ikatetema mkononi, akaashiria kwamba anatoka kidogo, akafunga mlango.

"Mama yangu, naomba unisubiri dakika chache nikutafutie fundi wa karibu nawe," Baridi alisema kwenye spika. Kikasikika kitufe kikibonyezwa. Mteja alipelekwa kwenye muziki, hakusikia tena kitu. Lakini chombo kinachorekodi hakimfuati mteja. Kinafuata kipaza sauti cha hedifoni, na hicho huwa hakilali. Kila mpokea simu hufundishwa jambo hilo wiki yake ya kwanza, na ofisini wote hukaa kimya wakati mteja anasubiri. Baridi alilijua pia. Ila miaka mitatu peke yake chumbani ilikuwa imemsahaulisha kwamba yuko kazini.

"Nimekwambia mara ngapi?" spika zikauliza.

Waajiriwa wakainua vichwa. Haikuwa sauti ya mtu waliyekuwa wakimsikiliza. Mmoja alitazama mlangoni, akidhani kuna ugomvi nje.

"Mara ngapi? Huna masikio? Mlango ukiwa umefungwa maana yake nini? Jibu. Maana yake nini?"

Baridi alijua hiyo ni nini kabla ya wengine wote. Kompyuta ilikuwa umbali wa mkono mmoja, akanyoosha mkono aizime. Hapo ndipo alipoisikia sauti nyingine, ndogo, ikiwa mbali kidogo na kipaza sauti.

"Baba, damu haiachi kutoka."

Mkono wake ukabaki hewani. Maneno hayo hakuwa ameyasikia maishani mwake.

"Funga mdomo. Nafanya kazi ili ule, wewe unaniletea upuuzi."

"Nilikuwa nachonga penseli, baba, wembe umenik..."

"Nimesema funga mdomo!"

Kitu kikagonga ukuta. Kilikuwa kikombe cha kalamu, Baridi alikikumbuka kikombe hicho, na alikumbuka kwamba kilimpita mtoto karibu na sikio. Alikumbuka pia kwamba mtoto alikuwa ameinua mkono. Alidhani anajikinga. Kumbe alikuwa akimwonyesha.

"Toka mbele yangu. Ningejua utakuwa hivi ningekuacha hospitali uliyozaliwa. Umenisikia? Ningekuacha palepale kitandani nikaondoka."

Mwajiriwa mmoja wa kiume alisema "Loo" taratibu, kisha akajiziba mdomo. Hakuna aliyegeuka kumtazama Baridi. Walitazama spika, walitazama viatu vyao, na yeye alisimama mbele yao na shati lake jeupe kama mshtakiwa anayesomewa mashtaka. Kelele ziliendelea. Dakika nne ni nyingi sana mtu akizisikiliza. Aliyekuwa akipiga kelele aliziona kama nusu dakika.

Mwishoni sauti ndogo ikarudi, safari hii bila kutetemeka, sauti ya mtu aliyeamua.

"Samahani, baba. Imeacha. Haitoki tena."

Mlango ukafungwa, taratibu sana, hata spika karibu zisiunase. Ikasikika pumzi moja ndefu. Kitufe kikabonyezwa.

"Mama yangu, asante sana kwa kunisubiri," Baridi alisema kwenye spika, laini, tamu, kama mtu aliyetoka kuota jua. "Najua hali uliyo nayo si rahisi. Nimekupatia fundi."

Na bibi yule, ambaye hakujua lolote, akaanza kulia na kumwombea dua yeye na watoto wake.

Binti wa mstari wa mbele alikuwa ameacha kuandika. Aliinua mkono kama mtoto wa shule, na nadhani hata yeye hakujua atauliza nini mpaka aliposikia anauliza.

"Kaka, hapo katikati, ulifanyaje?"

"Hapo wapi?"

"Hapo ulipobadilika. Mimi nikikasirika huwa nakaa nayo siku nzima, chakula hakipiti. Wewe umevuta pumzi moja tu."

"Sijui," Baridi alisema. "Hasira... huwa zinanipanda tu. Siwezi kuzizuia."

"Lakini umezizuia," binti alisema. Hakumkejeli. Alishangaa kwa dhati. "Sote tumesikia."

Msimamizi akarudi akitabasamu, akapiga makofi mawili na kungoja wengine wafuate. Hawakufuata. Ilibidi mmoja amnong'oneze. Alirudisha rekodi nyuma, akavaa hedifoni na kusikiliza mwenyewe, na kila mtu akaliona tabasamu likimtoka kidogo kidogo. Alipozivua alimtoa Baridi hadi kwenye korido.

"Siwezi kuifuta," alisema. "Sheria ni sheria, rekodi inakwenda kwa wakubwa. Watakachoamua sijui." Alikuwa bado ameshika bahasha ya cheti, akiigeuzageuza, asijue aipeleke wapi. "Jeraha la mtoto lilikuwaje?"

"Kidole kinapona. Ila ncha yake haina hisia."

Msimamizi aliingiza bahasha mkobani mwake, akarudi ndani bila kumpa mkono.

*

Kiwanda cha mikate alikofanya kazi mkewe kilikuwa na geti la chuma lenye kidirisha. Mlinzi alimwita, na mama Chiriku akatoka mbio na kofia yake nyeupe, unga kwenye nyusi. Mumewe hakuwahi kumfuata kazini hata siku moja.

"Mtoto ana nini?"

"Hajambo. Yuko shuleni."

"Mbona uko hivyo? Wamekunyima cheti?"

"Hakujikata shuleni," Baridi alisema.

Nyuma ya mkewe mashine ya kukanda ilikuwa ikinguruma, na mwenzake mmoja alichungulia akarudi ndani.

"Alijikata nyumbani, akaja chumbani kuniambia. Nilikuwa na mteja. Nikamfukuza."

"Lini?"

"Ile wiki."

"Ile wiki. Wakati umeshaniapia?"

"Ndiyo."

"Yaani mtoto alikuja kwako na damu mkononi."

"Sikuiona. Nilikuwa napiga kelele, sikumsikia anasema nini. Leo ndiyo nimesikia, imo kwenye rekodi. Wamesikia watu wote."

"Ulimwambia nini?"

Baridi alitazama chini.

"Baba Chiriku, watu wote wamesikia. Mimi nisisikie?"

Akamwambia. Alisema yote, hadi ile ya hospitali na kitanda. Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda hicho siku mbili akiumwa uchungu, na mtu huyuhuyu alikuwa amesimama nje ya dirisha akimpungia kitambaa. Alivua kofia ya kazi akawa anaikunja, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

"Ukaenda ukamliza mwalimu wa watu," alisema. "Barua yake iko sebuleni kwangu. Kila siku naifuta vumbi."

"Hasira zilinipanda, mke wangu. Unanijua, zikinipanda sioni..." Akaishia hapo. Aliisikia sentensi hiyo ikitoka, akaionea aibu.

"Na zilishuka saa ngapi?"

Angeweza kudanganya. Wiki tatu nzima alikuwa amedanganya bila taabu.

"Nilipobonyeza kitufe," alisema.

Mkewe akavaa tena kofia, nywele zikabaki nje.

"Nikitoka zamu nakuja kumchukua, twende kwa dada. Kwa muda gani usiniulize, maana sijui. Kumwomba radhi ni kazi yako, na uifanye kabla sijafika. Mimi siwezi kukuombea."

*

Chiriku alirudi saa nane. Baridi alimwona kupitia dirisha la chumba chake, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi mtoto anavyoingia nyumbani. Alivua viatu nje akavibeba. Aliinua mlango kidogo kwa bega ili usikwaruze sakafu. Mkoba aliushusha kwa mikono miwili, kwanza pembe moja, halafu ya pili. Baridi alikuwa akiwasifia wageni adabu ya mtoto huyu. Alikuwa akisema amemfundisha mwenyewe.

Aliziweka hedifoni ndani ya droo, akazima kompyuta, akaketi sakafuni ili asimzidi urefu.

"Chiriku, mwanangu. Njoo."

Mtoto alifungua mlango, akasimama kizingitini. Njia nzima kutoka kiwandani Baridi alikuwa amepanga maneno, na aliyasema kwa upole wote aliokuwa nao.

"Mwanangu, nakuomba radhi sana kwa yaliyotokea siku ile. Najua uliumia, na..."

Chiriku aliweka kidole midomoni, akaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba ameelewa. Akarudi nyuma kwa ncha za vidole vya miguu, akavuta mlango kwa mikono miwili ili kitasa kisilie. Mlango ukafungwa.

Baridi alikaa sakafuni akiutazama. Ilimchukua muda kuelewa. Hiyo ilikuwa sauti anayowapa wateja. Mtoto alipoisikia alijua kinachotakiwa ni kupotea.

Alimfuata sebuleni. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, mikono mapajani.

"Siko kwenye simu, Chiriku. Nilikuwa naongea na wewe."

"Sijapiga kelele, baba."

"Najua. Nataka tuongee kuhusu hicho kidole."

Mkono wa kushoto ulikwenda mgongoni wenyewe. "Nilijikata shuleni."

"Hapana. Si shuleni. Najua si shuleni."

"Haitoki tena," mtoto alisema haraka. "Haitoki tena, baba, imeacha."

"Chiriku, hebu nisikilize!"

Haikuwa kelele. Ilikuwa juu kidogo tu ya kawaida, kwa uchungu, si kwa hasira. Lakini mtoto alishafumba macho na kuinua bega upande wa sikio, akangoja. Baridi aliliona bega hilo. Alitaka kumshika, akaogopa mikono yake mwenyewe. Alirudi chumbani, akafunga mlango, akaketi palepale sakafuni na kulia kimyakimya, kwa sababu hata kilio hakujua mtoto angekielewaje.

Saa kumi na moja na robo mama Chiriku aliingia. Alikuwa amejiandaa kwa vita, amekuja na maneno yake yote, na hatua zake zilisikika tangu getini.

"Mama, polepole," Chiriku alimnong'oneza. "Baba yuko kazini."

Mama alitazama mlango wa chumba. Hapakuwa na sauti ya feni wala ya mtu. Alijua hakuna kazi yoyote inayofanyika humo.

"Tunakwenda kwa mama mkubwa," alisema, naye akajikuta ananong'ona. "Chukua nguo zako za shule."

"Siku ngapi?"

"Tutaona."

"Tusimuage?" mtoto aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Tusimuage. Atakasirika."

Walipanga nguo kwenye begi bila kugonga droo. Mama aliyekuja kwa kishindo alivua viatu akavibeba mkononi kama mwanawe, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama miguu kwa hofu. Walivuka sebule kwa ncha za vidole, wote wawili.

Baridi alifungua mlango wakati wameshafika getini. Alimwona Chiriku amesimama na begi, akimngoja mama yake avae viatu. Alifungua mdomo amwite. Akajiuliza kwa sauti ipi. Moja mtoto aliikimbia na kufumba macho, nyingine aliikimbia kwa ncha za vidole, na katika miaka yote minane hakuwa amemtengenezea ya tatu.

Alisimama mlangoni, mdomo wazi. Chiriku aliinua komeo la geti kwa mkono wa kulia, akalishikilia lisigonge chuma, wakapita.